NYUMBA ZETU NA HAKI YA PUMZI



Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia hewa, neema isiyopimwa kwa mizani wala kununuliwa dukani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Sote twauliza juu ya halali ya chakula tutiacho vinywani, na hilo ni wajibu wetu. Lakini mtu hula mara mbili tatu kwa siku, na pumzi huivuta usiku na mchana. Basi ni nani miongoni mwetu ambaye, alipokuwa akijenga nyumba yake, aliuliza hewa itaingilia wapi, na moshi utatokea wapi?

Wazee wetu waliuliza. Tazameni majumba ya kale ya Lamu: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na katikati kiwanda kilicho wazi juu, ambacho hushusha nuru na kupandisha joto. Jiko waliliweka juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi uchukuliwe na upepo usipite vyumbani. Waliijua kaskazi na waliijua kusi, na kila msimu nyumba ilipata haki yake ya upepo.

Na sisi leo twajengaje? Sebule ya wageni huwa pana, yenye madirisha mawili na mapazia ya thamani. Na jiko, anamoshinda mama wa watoto na kitoto mgongoni, huwa ni kipembe kisicho na dirisha. Mgeni akaaye saa moja hupewa upepo, na mwenye nyumba ashindaye humo hupewa moshi. Je, huu ndio uadilifu tulioamrishwa? Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimia miaka mitano. Hawa hawakufa vitani; walikufa kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ndani ya nyumba walimodhaniwa kuwa salama.

Wako wasemao: “Twaziba madirisha kwa ajili ya sitara.” Twasema: sitara ni haki, lakini sitara ni kuzuia jicho, si kuzuia pumzi. Tundu lililo juu ya kimo cha mtu halimfichui mwanamke, na dirisha la mbao zilizopishanishwa hupitisha upepo na kuzuia macho. Wala mbu si udhuru, kwani wavu dirishani humzuia mbu na kuuacha upepo upite. Mwenye kuifanya dini kisingizio cha kuwafungia watu wake katika moshi, ameidhulumu dini na amewadhulumu watu wake.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni jiko la makaa liingizwalo chumbani usiku, mlango ukafungwa. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi hudhaniwa kuwa hayana madhara, kumbe hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na damu ikaizuia kuchukua hewa njema, na mtu aliyelala huenda asiamke tena. Mtume wetu, S.A.W., alipopashwa habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake, alitufundisha kwamba moto ni adui yetu, na akatuamrisha kuuzima tulalapo. Amri hiyo yatosha kwa mwenye kusikia.

Na asiseme mtu: “Ajali ni kwa kadari.” Sayyidna Umar aliporudi njiani kwa sababu ya tauni iliyokuwa Sham, aliulizwa kama anaikimbia kadari, naye akajibu kwamba hata kurudi kwake ni katika kadari hiyo hiyo. Kufungua dirisha pia ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

Twawaelekea sasa wenye nyumba za kupangisha. Kugawa chumba kimoja kwa mbao kikawa vyumba vitatu, viwili visivyoona jua, ni kuongeza kodi kwa kupunguza pumzi za watu. Katika chumba kama hicho, mmoja akiwa na kifua kikuu, wenzake hawako mbali na kuambukizwa. Na ukuta usiopigwa na upepo huota koga, kikaumwa kifua cha mtoto. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14, aliyeandika kitabu cha hukumu za majengo kwa madhehebu ya Imam Malik, alilihesabu moshi kuwa ni dhara ambalo jirani ana haki ya kuondolewa. Ikiwa jirani ana haki hiyo, mpangaji wako je?

Basi ajengaye na aweke matundu pande mbili zinazokabiliana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Jikoni na liwe na dohani, au tundu karibu na dari, kwani moshi hupanda. Asiyeweza kubomoa na apikie uani. Na udi na ubani tuvifukize madirisha yakiwa wazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe makao ya utulivu na afya, wala asitujaalie kuwa wenye kuwadhuru wale aliotupa amana. Amin.