Kidonge na Aibu
Pana watu wasemao kwamba ashindwaye na huzuni ni mnyonge wa moyo, na kwamba amezaye vidonge vya huzuni amekodi furaha isiyo yake. Msomaji, lipime neno hili kabla hujalikubali.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Ilikusudiwa mapafu; lakini watu waliokuwa wamenyong'onyea walionekana wakichangamka na kutamani chakula. Hakuna aliyewahubiria ushujaa. Basi, ikiwa dawa ya mapafu iliuinua moyo, moyo ule ulikuwa na hatia gani kuanguka?

Sisemi kila chozi lahitaji kidonge. Aliyefiwa hulia, na kilio chake ni haki ya marehemu. Nasema juu ya ugonjwa, huzuni ile ikaayo majuma ikamnyima mtu usingizi na hamu ya kuishi. Dawa zake hutolewa na daktari, wala haziazimwi kama kalamu. Hukawia majuma kadhaa kabla ya kufaa. Mwanzoni zaweza kuleta kichefuchefu, na kwa baadhi ya vijana wa rika lako, fikira za kujiua. Kwa hiyo Marekani iliamuru onyo liandikwe mwaka 2004. Zikimjia kijana, na amwambie mkubwa siku ile ile. Wala asiziache dawa ghafula bila ya shauri la daktari.

Nimepata kumwona mwanafunzi akificha vidonge hivyo ndani ya soksi, hali mwenziwe mwenye pumu ameiweka dawa yake juu ya dawati. Nani aliyemfundisha yule wa kwanza kuficha?