Kipindi cha Dini ni cha Nani?



Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 2, chasimulia jambo la kutisha kwa maneno machache. Yoshua alikufa, wazee waliokuwa pamoja naye wakafa, na nyuma yao kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala mambo aliyowatendea Israeli. Angalieni, hapasemwi kwamba adui aliwazuia wasifundishwe. Kati ya baba aliyevuka Yordani na mtoto aliyezaliwa ng'ambo hakupatikana mtu wa kusimulia, basi.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya kipindi cha dini katika shule zetu za msingi.

Kanisa letu lilianza na watoto. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakafundishwa. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873. Wanafunzi walitangulia kwa miaka tisa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, baadaye alipewa daraja ya ushemasi. Shule na kanisa vikaendelea hivyo, ubavu kwa ubavu, na mara nyingi mwalimu wa hesabu wa asubuhi ndiye aliyeongoza sala za jioni. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuuliza nani atafundisha dini.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilibadili hayo katika Tanzania. Shule zikawa za watoto wote, na ni haki, maana mtoto hapaswi kuulizwa ubatizo wake kabla ya kufundishwa kusoma. Lakini mlango haukufungwa. Kipindi cha dini kilibaki, na kila dini ikaachiwa kuwatafutia watoto wake mwalimu. Basi wa kwetu yuko wapi?

Kengele inagongwa. Watoto wa Kiislamu wanamfuata mwalimu wao chini ya mwembe, juzuu mkononi. Wakatoliki wana katekista wao, na baiskeli yake. Wetu mara nyingi wanatumwa maji, au wanafagia uwanja, au mkubwa wao anasimamishwa aimbishe mapambio mpaka kengele ya pili. Mapambio ni mema. Lakini mtoto wa darasa la sita anayetaka kujua kwa nini mdogo wake alikufa hali aliombewa, pambio halimjibu.

Na watoto huuliza! Wako wanaodhani kufundisha dini ni kukaririsha tu: Amri Kumi, Sala ya Bwana, Imani ya Mitume, na fimbo mezani. Kukariri kuna faida. Mgonjwa asiyeweza kushika kitabu huomba kwa yale aliyoyakariri utotoni. Walakini tazameni Luka 2. Bwana wetu, mwenye umri wa miaka 12, aliketi hekaluni katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Majina ya walimu wale hatuyajui, lakini nawasifu kwa hili, kwamba hawakumfukuza kwa kuwa ni mtoto. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa sababu ya swali amemfundisha kwamba Mungu huogopa kuulizwa, na somo hilo mtoto halisahau. Ni afadhali aseme, "Sijui, mwanangu, nitatafuta, juma lijalo tutazungumza," kisha atafute kweli.

Wengine husema kazi hii ni ya padre. Padre mmoja mwenye makanisa saba na shule tano atafika wapi siku moja, saa ile ile? Timotheo hakuanzia kwa Paulo. Alianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, nao hawakuwa na cheo chochote.

Kwa hiyo tunawatafuta walimu waliostaafu, akina mama, na vijana waliopata Kipaimara na kuendelea kusoma Biblia zao. Tusipeleke yule tuliyemkosea kazi nyingine. Halmashauri ya mtaa itoe chaki, Biblia na nauli, na padre akutane nao kila mwezi kutayarisha masomo. Anayeweza ampe mzee wa kanisa jina lake Jumapili baada ya Misa. Tunahitaji wawili kwa kila shule, ili mmoja akiugua watoto wasirudishwe kufagia.