"Imejaa" ya muuzaji: je, kunyamaza ni kusema kweli?



Kijana mmoja niliyepata kumfundisha Maarifa ya Uislamu alinipigia simu hivi karibuni kutoka Dar es Salaam, ambako anafanya biashara ya magari yaliyotumika. Alikuwa na gari la umeme aina ya Nissan Leaf, la toleo la mwanzo, lililotoka Japani. Mteja alikuwa amelikagua bodi na matairi, amekaa kwenye usukani, ameona chaji imejaa, na sasa anataka kulipa. Kuhusu uzima wa betri hakuuliza neno. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi naijua ile betri, imechoka. Lakini hajaniuliza, na mimi sijasema uongo. Hapo dhambi yangu ni ipi?"

Nilimwomba anipe siku mbili nitazame vitabu, ingawa jibu nilikuwa nalijua. Kilichonizuia kulitamka ni betri niliyoiuza mimi mwenyewe hapa Mitundu.

Umeme wa gridi ulipofika nyumbani kwangu, nilimuuzia jirani yangu, mzee mkulima wa alizeti, betri yangu ya sola. Alikuja mchana. Tukaunganisha taa, ikawaka vizuri. Akaniuliza, "Inashika chaji, mwalimu?" Nikamjibu, "Si unaona mwenyewe inawaka." Akalipa shilingi 120,000, akaifunga kwenye baiskeli, akaondoka. Nilichokijua mimi, na ambacho yeye hakuweza kukiona mchana ule, ni kwamba taa ile ikiwashwa Magharibi hufifia kabla ya saa nne usiku. Hakuna neno la uongo nililotamka. Kila kilichoonekana kilikuwa kweli.

Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala yenyewe. Betri ina mambo mawili ambayo mnunuzi huyachanganya: chaji iliyomo sasa, na uwezo wa chombo chenyewe kubeba chaji. Mtungi wa lita ishirini ukijaa tope hadi nusu, ukautilia maji hadi mdomoni utasema umejaa, na ni kweli umejaa. Lakini maji yaliyomo ni lita kumi. Vivyo hivyo, betri iliyochakaa ikichajiwa usiku kucha, asubuhi itaonyesha asilimia mia moja. Asilimia mia moja ya kitu gani? Ya kile kilichobaki.

Leaf ya mwanzo, iliyoingia sokoni Desemba 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Kwa vipimo rasmi vya Marekani vya gari la mwaka 2011, ikiwa mpya ilikwenda kilometa zipatazo 117 kwa chaji moja. Ikipoteza thuluthi moja ya uwezo wake, itakwenda kilometa kama 78, na kipimo cha chaji bado kitaanza safari kikiwa kimejaa. Aidha, betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huichakaza upesi. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna kipimo kingine chembamba chenye vipande 12, ambacho ndicho kinachoonyesha uwezo uliobaki. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa imekwisha kupoteza takriban asilimia 15. Na wapo wafanyabiashara, katika nchi mbalimbali, waliojua namna ya kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vipande vyote virudi. Mnunuzi huondoka na vipande 12, na baada ya muda vinaanza kutoweka kimoja kimoja.

Msomaji wa Singida hahitaji gari la umeme ili auelewe mchezo huu. Nani kati yetu hajaona mnadani ng'ombe aliyeachwa siku mbili bila kukamuliwa ili chuchu zivimbe? Mtume (saw) aliukataza mchezo huo. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo amepewa hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tuzingatie kwamba maziwa yaliyomo kwenye kiwele kile ni maziwa ya kweli. Muuzaji hakuongeza maji wala hakusema neno. Alichofanya ni kupanga kitu cha kweli kionekane kwa namna itakayomfanya mwenzake aamini jambo lisilo kweli. Sheria haikumuuliza, "Je, ulisema uongo?" Ilitazama mnunuzi alifikishwa kuamini nini.

Wapo watakaosema: kukagua ni kazi ya mnunuzi, ana macho na ana akili. Hoja hii haikuanza leo. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilitumika Tanganyika kabla ya nchi kutunga yake mwaka 1961, ilitoa mfano wa mtu anayeuza kwenye mnada farasi anayemjua kuwa mgonjwa, akanyamaza. Kwa sheria ile, kunyamaza huko peke yake si ulaghai. Mimi si mwanasheria, na ninaelewa kwa nini mahakama isingependa kuchunguza kila ukimya wa sokoni. Lakini lile ambalo mahakama haliadhibu halijawa halali kwa sababu hiyo. Hadithi iliyomo katika Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir inaeleza kuwa si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila kumbainishia. Haikuweka sharti la kuulizwa kwanza.

Na vipi kuhusu yule anayesema, "Nauza kama lilivyo, likishatoka hapa sihusiki"? Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Abdullah bin Umar. Katika zama zile za utumwa, alimuuza mtumwa wake kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutohusika na kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman. Uthman hakuridhika na lile sharti peke yake. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua tena. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500.

Wanavyuoni wametofautiana juu ya upana wa sharti hili. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, ni kwamba humwokoa muuzaji kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Aliyejua hana pa kujificha. Swali la Uthman ndilo linalobaki: unaweza kuapa kwamba hukujua?

Mimi nisingeweza. Siku ya pili nilikwenda kwa yule mzee baada ya Alasiri nikiwa na fedha zake mfukoni. Nikamweleza. Akaniambia kuwa tangu wiki ya kwanza wajukuu wake walirudi kusomea kibatari, na alidhani ameharibu yeye kwa kuunganisha nyaya vibaya. Kisha akanitazama: "Kumbe mwalimu ulijua?" Hakuongeza neno. Nikamrudishia 120,000 na kuichukua betri. Sasa imo stoo, nimeibandikia karatasi: "Inawasha taa moja kwa saa tatu." Atakayeitaka kwa bei ya saa tatu, karibu.

Ndipo nilipompigia kijana wangu. Nikamwambia amweleze mteja idadi ya vipande vilivyobaki na gari linakwenda kilometa ngapi hasa. Alifanya hivyo. Mteja akasema atafikiria, na hadi ninaandika hajarudi. Sitamdanganya msomaji kwamba ukweli hulipa papo hapo. Baraka aliyoahidi Mtume (saw) kwa wauzaji na wanunuzi wanaosema kweli na kubainisha hakuipa tarehe.

Kwa wanunuzi, uaminifu wa muuzaji usikuzuie kupima. Usiangalie chaji peke yake, angalia kipimo cha uwezo. Mtafute fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, kwani hueleza asilimia ya uzima wa betri. Lichaji lijae, uliendeshe umbali unaoujua, uone chaji imeshuka kiasi gani. Kisha muulize muuzaji swali mbele ya shahidi, akujibu kwa maandishi. Kwa betri ya sola, usinunue mchana kwa taa ya dakika tano. Iache iwashe taa usiku mmoja.

Na kwa sisi wauzaji, iwe tunauza gari, simu, pikipiki au ng'ombe, kabla ya kupokea fedha tujiulize kama tungekuwa tayari kuapa mbele ya Uthman. Ukiona ulimi unasita, basi kuna jambo mteja wako hajaambiwa. Mwambie sasa, kabla hajafunga mzigo kwenye baiskeli.

Wabillahi tawfiq.