Siri Hii Inamlinda Nani?



Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 12. Mwaka jana, usiku mmoja wa likizo ya mwezi wa sita, alinifuata sebuleni akiwa na simu ya mama mkononi, akaniuliza: "Kaka, mtu akikupa almasi bure, ni lazima na wewe umpe kitu?" Mimi nilikuwa nachati na watu wangu, hata uso sikuinua. Nikamwambia, "Sema asante, inatosha. Nenda kalale." Akaenda kulala.

Kwa wale wasiocheza, almasi ni ile pesa ya ndani ya gemu. Unainunua kwa hela ya kweli, halafu unamnunulia mchezaji wako nguo, rangi mpya ya bunduki, mitindo ya kucheza dansi akishinda. Hela ya bure kabisa, mtu mzima atasema. Lakini kwa mtoto wa darasa la sita, kuingia kwenye gemu bila nguo yoyote ya kununua ni kama kwenda shule na ndala. Wenzako wanakuona.

Wiki mbili baadaye mama aliniomba nimfutie picha, simu ilikuwa imejaa. Ndipo nikakuta mazungumzo ya WhatsApp na namba isiyo na jina, yamefichwa kule ambako mama hafiki kamwe. Yule mtu alijiita "bro". Walikutana kwenye gemu, akamwingiza kwenye timu yake, akamtumia almasi mara tatu, ndipo akaomba namba. Halafu maswali: unasoma wapi, unalala na nani, simu ni ya nani, mama anarudi saa ngapi. Halafu picha ya uso. Halafu akaomba picha ya aina ambayo sitaiandika hapa. Hiyo mdogo wangu alikuwa hajaituma, namshukuru Mungu. Alikuwa amejibu: "Leo mama yupo, kesho." Na chini yake bro kaandika: "Usimwambie mtu. Hii ni siri yetu. Umeahidi."

Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu huku analia: "Si niliahidi? Na almasi zake nimeshazitumia."

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike. Huyu si mtoto mtundu. Anatumikia altareni, yuko Utoto Mtakatifu, ukimtuma dukani anarudisha chenji hadi shilingi hamsini. Na ukiangalia vizuri, bro hakumkamata kwa tamaa wala kwa ukaidi. Alimkamata kwa fadhila zake. Tumemfundisha kushukuru, akaona ana deni. Tumemfundisha kutimiza ahadi, akafunga mdomo. Kumbe tulimpa mtoto fadhila mbili bila kumwambia zina mipaka.

Tuanze na deni. Aliniuliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye semina: zawadi inadai nini? Sisi Wakatoliki tuna jibu, tena tunalitumia kila siku tunaposema neema. Neema inatolewa bure. Inaamsha shukrani, ndiyo, lakini Mungu hasimami mlangoni na daftari la madeni. Kinachotolewa ili urudishe kitu ambacho usingekitoa kwa hiari yako, hicho ni chambo. Hata mvuvi wa Ziwa Victoria hatudanganyi kwamba anamlisha samaki. Kwa hiyo jibu sahihi usiku ule lilikuwa: "Hapana mdogo wangu, humdai wala hakudai. Nani huyo? Njoo ukae hapa." Sekunde tano tu. Sikuwa nazo.

Ahadi sasa. Je, mtoto aliyeahidi kutunza siri amefungwa na ahadi yake? Vijana wengi niliowauliza kwenye jumuiya walisitasita, maana ahadi ni ahadi. Lakini someni tena Injili ya Marko sura ya 6. Herode alimwahidi binti wa Herodia mbele ya wageni kwamba atampa chochote atakachoomba, na binti akaomba kichwa cha Yohane Mbatizaji. Herode alihuzunika, ila kwa sababu ya kiapo na aibu ya wageni akatimiza. Hakuna anayesoma pale akasema Herode alikuwa mwaminifu. Ahadi ya kutenda uovu haimfungi mtu. Alikosea kuitoa, akakosea zaidi kuitimiza. Na kama ahadi ya mfalme mtu mzima haikumfunga, ya mtoto wa miaka 12 aliyevutwa na mtu mzima kwa nguo za gemu itamfungaje?

Lakini siri ni neno zito kwetu, na hapa ndipo watoto wetu wanachanganyikiwa. Wanajua padri hatoi siri ya kitubio hata akitishiwa kifo. Basi mtoto anajijengea kwamba siri ni kitu kitakatifu na kuitoa ni dhambi. Tuwaeleze vizuri: muhuri wa kitubio unamfunga padri. Haumfungi anayeungama. Ukitoka kitubioni ukataka kumwambia mama yako ulichokiungama, hakuna aliyekukataza. Na padri akikutendea vibaya mahali popote, hata pale, wewe huna muhuri wowote mdomoni mwako. Kwa siri nyingine za kawaida, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2491) inafundisha kwamba hata siri ya kikazi, kama ya daktari au mwanasheria, inaweza kufunguliwa pale ambapo kuitunza kutaleta madhara makubwa sana kwa aliyeitoa, aliyeipokea au mtu mwingine, na hakuna njia nyingine ya kuyazuia.

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuzwa. Kitubioni siri inambana mwenye nguvu ili mnyonge awe salama. Kwenye simu ya mama, siri ilimbana mnyonge ili mwenye nguvu awe salama. Ndiyo maana sasa nyumbani tuna swali moja tu: siri hii inamlinda nani? Tukimwandalia mama keki ya birthday, siri inamlinda mama asijue hadi Jumapili, na Jumapili wote tutajua. Mtu mkubwa akimwambia mtoto "usiseme", na atakayepata shida siri ikitoka ni yule mkubwa, mtoto aseme. Aseme siku hiyo hiyo.

Napenda swali hili kuliko lile onyo tulilolelewa nalo la "usiongee na mtu usiyemjua". Onyo lile halitoshi. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Tanzania uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepitia unyanyasaji mkubwa wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, makadirio ya watoto 200,000. Na watendaji mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawafahamu. Anko. Jirani. Rafiki wa kaka, yaani rafiki yangu mimi. Kwa hao, "usiongee na usiyemjua" haimsaidii mtoto chochote.

Sasa niseme kosa la pili, ambalo ni langu zaidi. Baada ya kuyaona yale mazungumzo nilikimbilia kwa mzee na kumsomea yote, mdogo wangu amesimama pale pale. Mzee ni mtu mwema lakini ni mzee wa mkanda. Mtoto alichapwa, simu ikafungiwa kabatini, na bro, aliyepaswa kuogopa, alibaki huko aliko na namba yake, akitafuta mtoto mwingine. Mnaona tulichomfundisha mtoto? Bro alikuwa amemwambia, "Wakijua watakupiga." Tukampiga. Tukathibitisha kwamba bro anaijua familia yetu kuliko tunavyojijua wenyewe. Alikaa miezi hasemi nami zaidi ya shikamoo.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo tuwaachie simu? Hapana. Na faragha je, mtoto hana haki ya mambo yake? Anayo. Lakini faragha na siri si kitu kimoja. Mdogo wangu akioga anafunga mlango, na wote tunajua yuko bafuni anaoga. Hiyo ni faragha. Siri ya bro ilikuwa ni nyumba nzima kutojua kama kuna mlango. Kwa hiyo ukaguzi nao uwe wa wazi. Nilipoweka Family Link ya Google kwenye simu aliyopewa baadaye, nilikaa naye, nikamwonyesha: hapa mama anaona umetumia saa ngapi, hapa anaruhusu programu mpya, na ujumbe wako hatuusomi. Kweli hiyo programu haisomi ujumbe, kwa hiyo msidhani mkiiweka mmemaliza kazi. Simu inalala sebuleni saa tatu usiku, na yangu pia. (Hii ya yangu aliiomba yeye. Nilijaribu kukataa.) Kumpekua mtoto kisirisiri akiwa amelala ni kumfundisha kwamba nyumba hii nayo inaishi kwa siri, na mwenye siri nzuri zaidi ndiye mshindi. Nakubali kuna dharura: ukiona dalili mbaya, fungua simu, kisha umwambie umefungua na kwa nini.

Wengi hapa watanitajia Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa kompyuta, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, aliyefariki akiwa na miaka 15 tu. Ni kweli alijiwekea saa moja ya gemu kwa wiki. Lakini neno kubwa pale ni "alijiwekea". Nimesikia mzazi akimwambia mwanaye, "Carlo alicheza saa moja, wewe kutwa nzima!" huku mkono umeinuliwa. Tafadhali, tusiwageuze watakatifu kuwa fimbo. Mtoto ataishia kumchukia Carlo.

Na kwa nini nawaandikia ninyi vijana na si wazazi? Kwa sababu nyumba nyingi zetu, aliyemfungulia mama WhatsApp ni wewe. Aliyemwekea mdogo wako ile gemu ni wewe, ili anyamaze umalizie series yako. Baba hajui kwamba ndani ya gemu watu wanaongea. Wewe unajua. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa swali la kujitoa, kana kwamba ulinzi wa mdogo wake ni kazi ya mwingine. Mwenye kujua ana wajibu kabla ya asiyejua, hata kama jina lake haliko kwenye kadi ya kliniki.

Likitokea, usifute. Hilo nilikosea pia, nilifuta kwa hasira. Hifadhi namba, jina la kwenye gemu, na ujumbe wa maneno. Kisha mzuie na umripoti ndani ya gemu na WhatsApp. Kama kuna picha ya mtoto ya aibu, usiitume kwa mtu yeyote, hata grupu la familia, hata kwa nia ya kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haichezi na picha hizo, na mtoto utamuumiza mara ya pili. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napiga pasi nguo za kwenda misa ya kwanza. Mdogo wangu akaja, akasimama mbali kidogo, upande wa mlango. "Kaka, kuna mtu kwenye timu anauliza shule yangu."

Nikaweka pasi pembeni. Nikamuuliza, "Umemjibu nini?"

"Nimemwambia subiri kwanza." Halafu akaangalia chumba cha mzee. "Utamwambia baba?"

"Tutamwambia wote wawili. Ila mimi nitaongea kwanza."

Alifikiria muda mrefu, ndipo akanipa simu.