Cherehani cha Zamani na Mguu Unaokiendesha

Wazee wa kanisa wametuomba tutoe mawazo yetu juu ya jambo linaloonekana dogo. Kikundi cha akina mama kina cherehani cha miguu, Singer nyeusi, ambacho kimechoka. Wazee wasema kitengenezwe, maana chuma cha zamani hakina mfano. Vijana wasema kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, inunuliwe mashine ya umeme. Kila upande umejivika maneno ya maadili. Hawa wasema kutupa kitu kinachofaa ni kukosa shukrani. Wale wasema kung'ang'ania kitu kikuukuu ni kupenda umaskini. Sisi twaona kwamba hapo katikati lipo swali ambalo kikao hakikuliuliza.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Elias Howe alipata hati ya cherehani chake huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Chetu kilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1880 hata kikafungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, cherehani kipo. Tena vyerehani vingi vya Kichina, kama Butterfly, viliigwa kutoka umbo hilo hilo, ndiyo maana sindano na bobini zinazouzwa leo sokoni zinakiingia bila taabu.

Ugonjwa wake nao si wa kutisha. Mkanda wa ngozi umekatika, na mafuta ya miaka mingi yameganda ndani kama gundi. Fundi huyalainisha kwa mafuta ya taa, akafuta, kisha akatia mafuta ya cherehani tone moja moja kila penye tundu. Mashine ikiruka mishono, aghalabu sindano imepinda au imegeuzwa. Na uzi ukijisokota chini ya kitambaa, watu hulaumu bobini iliyo chini, kumbe mara nyingi kosa liko juu, uzi haukukaa vizuri kati ya vile visahani viwili vinavyoukaza. Wanafunzi wetu wa ualimu walichukua muda mrefu kuliamini jambo hilo.

Basi wazee wamesema kweli: kinatengenezeka. Lakini je, kutengeneza ni wema kwa sababu tu inawezekana?

Hapo hatuna budi kwenda taratibu. Sisi tulioishi miaka ile baada ya vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, twakumbuka jinsi nguo na sabuni zilivyokuwa adimu. Shuka ikichakaa katikati ilipasuliwa kwa urefu, kingo zikashonwa pamoja ziwe katikati, ikalaliwa tena. Kola ya shati iligeuzwa. Nasi tulikuwa tukiishi katika nchi ya pamba! (Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje kabla haijawa uzi, halafu twanunua mitumba mnadani. Lakini hayo ni ya siku nyingine.) Tulitengeneza kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mtu akituambia leo kwamba tulikuwa na fadhila ya kutunza vitu, tutamshukuru kwa heshima, ila tutajua kwamba hakupanga foleni.

Huko Marekani wako watu wanaozitafuta mashine za kufulia za zamani, zile zenye roli mbili za mpira juu ya pipa za kukamulia nguo. Huzifungua, huzisafisha, hubadilisha mpira, na kufua nazo kwa furaha. Hatuwacheki, kuelewa chombo hata msumari wake wa mwisho ni elimu halali. Lakini roli zile zilivuta vidole vya akina mama, na nyingine zikavuta mkono mzima. Mtu anayeipenda mashine hiyo Jumamosi akiwa na nafasi, na mwanamke aliyekutana nayo kila Jumatatu akiwa na nguo za watoto sita, hawazungumzi juu ya kitu kimoja.

Mahatma Gandhi, ambaye hakupenda mashine, alikisamehe cherehani. Mwaka 1924 alieleza kwamba Singer alimwonea huruma mkewe aliyechoka kushona kwa mkono, akakibuni kwa upendo. Ni hadithi nzuri, lakini haikuwa hivyo. Singer alitafuta fedha, na nyumba zake zilikuwa nyingi kuliko tunavyoweza kueleza katika gazeti la kanisa. Hata hivyo Gandhi alishika kipimo kilicho sawa: alimtazama yule anayekaa mbele ya kazi. Alikosea habari za Singer tu.

Kwa hiyo twasema hivi: anayekisifu cherehani cha zamani na akae kwanza akikanyage. Na anayesema kitupwe, naye akae. Uwekevu wa mtu ukilipwa kwa mgongo wa mwingine, huo si uwekevu wake. Kadhalika maendeleo: ukimnunulia mtu mashine ya umeme asiyoiomba, umeme ukikatika ni yeye atakayesimama mbele ya wateja. Katika habari za Dorkasi wa Yafa, Matendo ya Mitume sura ya 9, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Kuhusu goti lake hatukuelezwa kitu. Pengine wajane wale walimuuliza.

Basi asubuhi moja tulikwenda kwa mama anayekitumia cherehani chetu zaidi ya wote. Tukasalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka, tukamweleza mashauri ya pande zote mbili. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Mwalimu," akasema, "mota inakimbia kuliko vidole vyangu. Hiki nikisimamisha mguu nacho kinasimama. Tena Januari kila mtoto anataka sare, na ndipo umeme unapozimika."

"Na mguu, mama? Tumesikia unakuuma."

"Unauma. Lakini hauumi kwa cherehani, unauma kwa benchi. Benchi la kanisa ni fupi, goti linapanda juu kama la panzi. Nipeni kiti chenye mgongo, mniweke karibu na dirisha."

Katika vikao vyote vile hapakuwa na mtu aliyetaja kiti.

Msichana anayejifunza kwake alikuwa na jibu jingine, naye hatuwezi kumnyamazisha. Anakusudia kufungua chumba cha kushonea Bariadi mjini, ashone sare za shule nzima, na kwa mguu hataziweza kwa wakati. Kweli. Kwa bahati njema cherehani cha namna hii kina mahali nyuma, karibu na gurudumu, pa kufungia mota ndogo, na mkanda wa miguu ukabaki tayari kwa siku za giza. Lakini hilo aliamue yeye atakapokikalia yeye, wala lisiamuliwe leo na sisi wenye mvi.

Shauri letu kwa wazee ni kwamba cherehani kitengenezwe, mota isinunuliwe kwa sasa, na kiti kitangulie vyote. Seremala amekwisha kumpima mama yule akiwa amekaa, kutoka kisigino mpaka gotini. Mkanda wa ngozi bado unatafutwa. Sokoni ipo ya plastiki, ila mama asema hiyo huteleza.