Juu ya Kujiandaa kwa Noeli

Katika juma la kwanza la Majilio yaliyopita, katika jumuiya moja ndogo ndogo ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa nia yangu si kuwaaibisha watu bali kupima wazo, ilisomwa orodha mbele ya waamini waliokusanyika kusali. Na orodha ile haikuitwa ya wadaiwa, bali ya wale ambao bado hawajajiandaa kwa Noeli. Jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane, muuza vitumbua, ambaye hakuwa ametoa mchango wa sikukuu wala hakuwa amemaliza zaka ya mwaka; na kwa sababu hiyo mjukuu wake, aliyekwisha kuandikishwa kubatizwa wakati wa Noeli, ilitangazwa kuwa angengoja hadi Pasaka. Mama yule hakujibu neno. Aliitikia sala ya mwisho pamoja na wenziwe, akajitanda khanga yake, akaenda zake. Tangu jioni ile nimekuwa na swali linaloninyima raha: kujiandaa ni jambo gani, hata mtu aweze kumtazama mwenziwe na kutoa hukumu kuwa hajajiandaa?

Maana ya Majilio yenyewe inajulikana. Huanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, yakaendelea hadi jioni ya mkesha wa Noeli; siku zake hazipungui 22 wala hazizidi 28; hadi tarehe 16 Desemba Kanisa hutazama zaidi kuja kwa Kristo siku ya mwisho, na tangu tarehe 17 huelekeza macho Bethlehemu. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux aliongeza kuja kwa tatu, kulio kati ya huko kuwili, ambako ni kwa siri na ndani ya moyo. Haya hufundishwa kila mkatekumeni, nami nayapokea yote bila hoja.

Lakini katika mafundisho hayo limo fumbo ambalo aghalabu tunalipita kwa haraka. Anayejiandaa hufanya kazi juu ya nafsi yake kwa ajili ya jambo lisilokuwa katika uwezo wake. Nahodha anayengoja kaskazi hukalafati jahazi, hupaka sifa mbao zake, hushona tanga na kukagua kamba, walakini upepo hauvumi kwa sababu yeye amekalafati. Huvuma kwa majira yake, ukawakuta waliotengeneza vyombo na wasiotengeneza. Kwa hiyo maandalizi si bei ya kununulia ujio, wala ujio si ujira wa maandalizi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwenda mbali zaidi katika Summa Theologiae, akafundisha kwamba hata ule utayari wa mtu kuipokea neema ni kazi ya Mungu mwenyewe anayeuvuta moyo wake. Ikiwa ndivyo, basi mtu anayejivunia utayari wake anajivunia hidaya, na mtu anayemhukumu mwenziwe kwa kukosa utayari anadai kuijua kazi ambayo Mungu huifanya faraghani.

Niliposema haya kwa watu wachache baada ya sala, zilitoka hoja kadhaa. Wako waliosema kwamba Kanisa lina gharama, kwamba bati hununuliwa na katekista hula, na kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inawapasa waamini kuyasaidia mahitaji yake: wamesema kweli, nami sina la kupinga. Mwingine alikumbusha kwamba hata masikini ana heshima ya kutoa, kama yule mjane wa Injili aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina. Nayo ni hoja ya insafu, isipokuwa mjane yule alikwenda kwenye sanduku kwa hiari yake, hakusomewa jina.

Hoja iliyoniudhi ilitoka kwa mzee mmoja mwenye elimu na sauti ya upole, ambaye watu humsikiliza, na kwa sababu humsikiliza naona ni wajibu kumjibu kwa kirefu. Alisema hivi: moyo hauonekani, mchango unaonekana, mwenye moyo ulio tayari hutoa, asiyetoa hajawa tayari, kwa hiyo orodha ya michango, ingawa ina upungufu, ndiyo orodha bora ya mioyo tuliyo nayo, na jambo lisilo na dalili ya nje ni sawasawa na jambo lisilokuwapo.

Tuanze na mantiki yake. Ikiwa mchango ni dalili ya utayari, sharti dalili hiyo ikosekane pale utayari unapokosekana, na ipatikane pale unapopatikana. Nilimwuliza kama hajapata kumwona mtu aliyetoa fedha nyingi ili jina lake litajwe Dominika mbele ya watu, akaondoka na moyo ule ule aliokuja nao. Alikiri kuwa amewaona wengi. Basi dalili hiyo hupatikana bila kitu chenyewe. Nikamwuliza tena kama hajui mtu aliyetamani kutoa akakosa. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kuwa anayetaka kwa dhati hapati kukosa, kwa maana Mungu humfungulia njia. Jibu hilo ndilo hasa lililonikasirisha, kwa kuwa limefunga mlango pande zote mbili: akitoa, alikuwa tayari, akikosa cha kutoa, ule ufakiri wenyewe unageuka kuwa ushahidi wa upungufu wa imani yake. Hoja isiyoweza kushindwa na jambo lolote litakalotokea haijapata nguvu kwa hilo. Imejitenga tu na mambo yanayotokea. Wala haiwi haki kumtaka mtu kwa wajibu jambo ambalo hana uwezo nalo, kisha kumlaumu nafsi yake kwa mkono wake kuwa mtupu.

Lakini tusiishie katika mantiki, maana mzee yule alitaja Maandiko, na Maandiko hayako upande wake. Yuko mtu mmoja ambaye Kanisa humsikiliza kila Majilio kuwa ndiye mwalimu wa kujiandaa, naye ni Yohane Mbatizaji. Katika sura ya tatu ya Injili ya Luka, sehemu inayosomwa Dominika ya tatu ya Majilio ya mwaka C, makutano wanamwendea na kumwuliza lile lile tunaloliuliza sisi, yaani wafanye nini. Yohane anajibu mara tatu, na mara zote tatu jibu lake lahusu mali. Hapa namkubalia mzee: kujiandaa si mawazo matupu, kunagusa mfuko na ghala. Hata hivyo tutazame ni nani wanaoamriwa. Mwenye kanzu mbili anaambiwa ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wanaambiwa wasidai kupita kiasi kilichowekwa. Askari wanaambiwa wasidhulumu watu, na watosheke na mshahara wao. Asiye na kanzu hakuamriwa kitu. Yumo katika mafundisho yale, tena yumo mwanzoni kabisa, lakini ametajwa kuwa ni mtu wa kupewa. Kama orodha ya wasiojiandaa ingeandikwa kwa kipimo cha Yohane, wa kwanza kuhojiwa wangekuwa wenye kanzu mbili, na wa pili wangekuwa wakusanyaji. Na mjane muuza vitumbua angetajwa tu kwa ajili ya kuulizwa na wenziwe kama usiku ule amekula.

Na si Yohane peke yake. Torati, katika sura ya kumi na mbili ya Walawi, ilimwagiza mwanamke aliyejifungua kuleta mwana-kondoo pamoja na ndege. Na kama hana uwezo wa kupata mwana-kondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anapoeleza jinsi Mariamu na Yosefu walivyompeleka Mtoto Hekaluni, anataja ndege wawili, hamtaji mwana-kondoo. Familia tunayojiandaa kuipokea ilitoa kile kiwango ambacho sheria iliwawekea mafakiri, na Hekalu lilikipokea. Mtoto hakurudishwa nyumbani kungoja sikukuu nyingine.

Mzee akasema kwamba siku hizi zina taratibu zake. Naam, zinazo, na mojawapo ni kanuni ya 848 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, inayoagiza kwamba mhudumu wa sakramenti asidai kitu zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka halali, na kwamba achunge daima wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya ufukara wao. Nikaambiwa kanuni hiyo yawahusu makasisi, si viongozi wa jumuiya. Je, lile lililokatazwa kwa aliyepewa daraja takatifu laweza kuwa halali kwa aliyepewa daftari?

Naona nimesema kwa ghadhabu, na afadhali nigeukie jambo ninalolipenda, lililo karibu na haya. Lile taji la matawi mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ambalo leo huwekwa karibu na altare katika parokia nyingi, halikuanza kwetu Wakatoliki. Alilibuni mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg nchini Ujerumani, katika nyumba aliyoianzisha mwaka 1833 kuwalea watoto wa mafukara. Inasimuliwa kwamba watoto wale walikuwa wakimwuliza kila siku kama Noeli imefika. Hata katika mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za juma na minne mikubwa myeupe kwa Dominika, ukawashwa mmoja kila siku, ili mtoto asiyejua hesabu aone kwa macho yake siku zilizobaki. Matawi yaliongezwa baadaye, na Wakatoliki tukalipokea taji hilo katika karne ya ishirini.

Kila ninapolitazama huwaza kwamba chombo hiki cha kuhesabia kilitengenezwa kwa ajili ya watoto wasio na kitu, na kinachohesabiwa juu yake ni siku. Siku humpitia tajiri na fakiri kwa kipimo kimoja, na hakuna awezaye kutanguliza malipo ili Noeli imfikie mapema. Pengine ndiyo sababu Luka, anapotaka kutuonyesha watu waliokuwa tayari, hututolea wazee wawili ambao hawakuwa na la kuonyesha ila miaka ya kungoja: Simeoni, na Anna binti Fanueli, mjane anayetajwa pamoja na umri wa miaka 84, aliyekuwa akifunga na kusali Hekaluni usiku na mchana. Alichotoa Anna katika hazina hakikuandikwa.

Pamoja na hayo yote, silioni swali langu kuwa limekwisha. Kama utayari ni wa siri kabisa, basi paroko naye hana pa kushika, ilhali Kanisa lamtaka, kabla ya kumbatiza mtoto, awe na tumaini lenye msingi kwamba atalelewa katika imani. Na tumaini lenye msingi hutafuta kitu cha kuonekana. Tena kama utayari wenyewe ni neema, mbona Yohane anauamrisha kwa sauti kali namna ile, kana kwamba uko mikononi mwetu? Nimeyageuza mambo haya mawili huku na huku, na kila nikishika moja naona la pili lina haki yake. Yamkini wako wenye maarifa zaidi watakaoyapatanisha. Ninaloliona dhahiri ni dogo kuliko hilo: kipimo chochote cha utayari kinachoanza na asiye nacho kimeanzia mahali ambapo Mbatizaji hakuanzia.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu katika jumuiya zote, walio viongozi na wasio viongozi, tuyatumie Majilio yajayo kwa kujihoji kwa taratibu ile ya Luka: kwanza sisi tulio na ziada, kisha sisi tunaokusanya, kisha sisi tulio na nguvu juu ya wengine. Deni la jirani na likumbushwe nyumbani kwake, kwa staha, na mtu aliyekwenda kwanza kumjulia hali. Na kama jirani huyo hana, basi mwenye kanzu mbili amlipie, kabla ya tarehe 24 Desemba.