Manabii 400 na yule mmoja



Baada ya Misa ya vijana, kijana mmoja alinivuta pembeni. Alikuwa amefungua Katekisimu kwenye simu, namba 2240, pale inapofundisha kwamba kupiga kura ni wajibu wa kimaadili. "Frateri," akaniambia, "mimi sikatai wajibu. Ila mshindi anajulikana hata kabla karatasi hazijachapwa. Nikibaki nyumbani nimetenda dhambi?"

Nikampa lile jibu letu la haraka: tuiombee nchi yetu. Akacheka kidogo, akashukuru, akaondoka. Kuombea nchi ni kuzuri, lakini yeye hakuuliza kuhusu sala. Aliuliza kuhusu dhamiri yake, nami nikamkwepa. Kwa hiyo najaribu tena hapa.

Kwanza tukubali kwamba hakuwa anatia chumvi. Mwaka 2015 mgombea urais wa upinzani alipata karibu asilimia 40 ya kura, na Bungeni upinzani ukawa na wabunge zaidi ya 100. Mwaka uliofuata mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, chama tawala kilichukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2020 upinzani ulibaki na majimbo yasiyofika 10 kati ya 264, na kambi rasmi ya upinzani Bungeni haikuundwa kwa sababu wabunge wenyewe hawakutosha. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwepo kabisa kwenye karatasi ya kura. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Intaneti ilizimwa, na watu waliuawa, wengi wao wa rika letu. Hilo siwezi kuliandika kama takwimu tu. Tuliwaombea kwenye Misa.

Sasa fungueni 1 Wafalme 22. Ahabu anataka kwenda vitani Ramothi-Gileadi. Anaita manabii wapatao 400, na wote wanasema kitu kimoja: nenda, utashinda. Mfalme mgeni, Yehoshafati, hatulii. Anauliza kama hakuna nabii mwingine wa Bwana. Ahabu anajibu kwamba yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, ila anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mjumbe anayetumwa kumleta anamshauri njiani, kirafiki kabisa, aseme kama wenzake. Mikaya anakataa, anasema anachokiona, na anaishia gerezani kwa mkate na maji ya dhiki.

Pigeni hesabu: 400 kati ya 401. Ni zaidi ya asilimia 99.

Lakini kinachonishika mimi ni kile anachofanya Ahabu baada ya hapo. Anaingia vitani amejibadilisha mavazi ili asitambulike. Kwa nini? Mtu anayewaamini manabii 400 habadili nguo. Moyoni alijua kwamba kauli yao moja haimwambii chochote, kwa kuwa wangemwambia hivyo hivyo hata kama angekuwa anaelekea shimoni. Sauti pekee iliyokuwa na habari ndani yake ni ile aliyoifungia. Mshale uliorushwa bila kumlenga ukampata.

Najua mtaniuliza: je, Mwalimu? Si Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere mwenyewe aliyetetea chama kimoja, kikawa sheria mwaka 1965? Ndiyo, na hoja yake haikuwa ya kitoto. Alisema wazee wetu walikaa chini ya mti wakaongea mpaka wakakubaliana. Taifa changa lenye kazi moja kubwa halina sababu ya kujigawa makundi. Nilipoisoma hoja hiyo nikiwa falsafa ilinivutia sana, na bado naiheshimu.

Tatizo naliona kwenye mpangilio. Wazee wale walifikia makubaliano mwishoni, baada ya kila mwenye neno kulisema mpaka likaisha. Chama kimoja cha kisheria kinayaweka makubaliano mwanzoni, halafu kinaita watu waje kuongea. Mti ni ule ule, lakini kikao ni kingine kabisa. Na nadhani Mwalimu alikuja kuliona hilo, maana mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioufungua mjadala wa vyama vingi. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchini ilikuta karibu asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee. Bado ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Yaani mfumo wetu wa vyama vingi ulizaliwa siku wakubwa walipokubali kuwapa uzito wachache. Leo tunausahau kana kwamba tuliletewa kwa meli.

Aristotle aliwahi kumpinga mwalimu wake Plato juu ya jambo hili hili. Alisema mji ukizidi kufanywa kitu kimoja unaacha kuwa mji. Ni kama kugeuza ulinganifu wa sauti kuwa sauti moja. Walioimba kwaya wamenielewa tayari. Besi haipingani na soprano kwa sababu inaimba noti nyingine. Wote wakiimba soprano hatupati umoja zaidi, tunapata wimbo mwembamba na wanaume wenye koo zinazouma.

Sitaki kuwafanya wapinzani malaika. Tuliwaona wabunge waliochaguliwa na upinzani wakihama "kuunga mkono juhudi", halafu uchaguzi mdogo ukagharamiwa na kodi zetu ili wengine wao warudi kwenye viti vile vile kwa shati jingine. Tumeona vyama vinavyogombana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka aibu. Mtaguso, katika Gaudium et Spes namba 75, unavitaka vyama vyote visitangulize maslahi yao mbele ya manufaa ya wote. Vyote, si kile kikubwa tu. Lakini namba hiyo hiyo inatutaka pia tuwaheshimu wenye maoni tofauti, hata wanapoyatetea kama kundi, ilimradi kwa njia za haki.

Na kazi yao tumeiona. Mwaka 2014 ripoti ya fedha za Escrow iliwasilishwa Bungeni na kamati ya hesabu za serikali, kamati ambayo kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, na mawaziri wakapoteza nafasi zao. Katika sakata hilo walitajwa pia viongozi wa dini, wakiwemo wa Kanisa letu. Ilituuma, lakini sioni kama ingekuwa heri tusijue.

Kanisa lenyewe tangu 1587 hadi 1983 lilikuwa na afisa ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta hoja dhidi ya mtu anayependekezwa kuwa mtakatifu. Watu walimwita mtetezi wa shetani. Halikumwona adui. Lilimlipa mshahara. Hadi leo uchunguzi wa aina hiyo una mtu wa kuhakikisha maswali magumu yanaulizwa, na utamhusu hata Mwalimu wetu.

Basi, ndugu yangu uliyeniuliza. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Ukiwa umechunguza dhamiri yako kweli, na si uvivu wa kupanga foleni, ukaona kwamba kura yako haina cha kuchagua, siwezi kukuambia umetenda dhambi kwa kubaki nyumbani. Mwingine anaweza kwenda na akawa sahihi pia. Lakini namba 2240 haizungumzii siku moja tu katika miaka mitano. Inasema tunashiriki wajibu wa manufaa ya wote. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, mapato na matumizi yakisomwa, unakuwepo? Unauliza? Hapo ndipo ningekushika.

Ningekushika, ila mimi mwenyewe nilishashikwa. Mwaka wangu wa kichungaji nilisimamia kamati ya vijana ya hija. Tulirudi salama, nikasoma taarifa, na dada mmoja akauliza chenji ya basi imekwenda wapi. Ilikuwepo, nilikuwa nimeitumia kununua vifaa vya kwaya bila kuwaambia. Badala ya kusema hivyo nikamjibu, "Tusilete upinzani kwenye mambo ya Kanisa." Watu wakapiga makofi. Taarifa ikapita kwa kauli moja. Nililala vizuri kabisa usiku ule.

Yeye akaacha kuja.

Juzi, baada ya yule kijana kuondoka na kicheko chake, nilimtafuta dada huyo. Nilimkuta dukani kwake, nikamwomba msamaha mbele ya wateja wawili, maana nilimnyamazisha mbele ya watu. Aliniangalia kwa muda. Akanisogezea kiti, akafuta mikono, akasema, "Haya, Frateri. Na ile chenji?"

Nikatoa daftari.